Geti la Mtaa, Pumu ya Mtoto na Mtungi wa Gesi

SWALI: Shikamoo Mzee. Mwaka jana wezi walituandama sana huku Mbagala, mpaka mkutano wa mtaa ukakubaliana tuweke geti njia ya kuingilia, na kila kaya itoe shilingi 5,000 kwa mwezi za vijana wa ulinzi shirikishi. Nililipa miezi minne. Daftari anashika mjumbe wa shina, risiti hakuna. Geti linafungwa saa tano usiku na ufunguo anao kijana mmoja. Mwezi uliopita mwanangu mwenye pumu alibanwa kifua saa nane usiku. Bajaji ikaishia nje ya geti, kijana haonekani, simu haipokelewi. Tulimpitisha mtoto juu ya ukuta wa jirani, dereva akampokea upande wa pili. Namshukuru Mungu alipona. Asubuhi nikaenda ofisi ya mtaa nikasema silipi tena. Siku ya tatu vijana wakaja wakabeba mtungi wangu wa gesi. Mwenyekiti anasema ndivyo mkutano ulivyoamua. Majirani hawanisalimii, wanasema natetea wezi. Nifanyeje?
Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nilikuwa mtendaji wa kata kwa miaka 19, na barua yako imenikalisha kitako pale mtoto alipopitishwa ukutani.

Tuanze na mtungi, maana unahitaji kupika leo. Mkutano wa mtaa unaweza kukubaliana kuchangishana, lakini hauwezi kumpa kijana ruhusa ya kuingia jikoni kwako na kubeba mali. Hata pale mchango unapokuwa na sheria ndogo ya halmashauri nyuma yake, asiyelipa anashtakiwa, na mahakama ndiyo inayoamua. Sungusungu, vikundi vya wananchi vya ulinzi, walipoanza kule Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wanalinda ng'ombe. Sheria ikaja kuwatambua mwaka 1989, ikawapa uwezo wa kukamata mhalifu. Kukamata mhalifu na kumfikisha polisi ni jambo moja, kudai madeni nyumba kwa nyumba ni jambo jingine kabisa.

Andika barua kwa mtendaji wa mtaa. Usiishie kwa mwenyekiti: yeye mmemchagua, lakini mtendaji ni mwajiriwa, na kumbukumbu za mikutano na hesabu za mtaa ni kazi yake. Mwambie tarehe uliyochukuliwa mtungi, omba urudishwe, omba kuona muhtasari wa mkutano ule na mapato na matumizi ya michango. Nakala mpelekee mtendaji wa kata, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usikubali kuambiwa "tumekuelewa mama, nenda tu". Wiki ikipita kimya, nenda na nakala hiyo kwa polisi kata. Kuhusu daftari, mjumbe wa shina ni kiongozi wa chama cha siasa, si wa serikali ya mtaa. Fedha za wananchi wote zinakusanywa na ofisi ya mtaa, kwa stakabadhi.

Sasa nikuambie ambalo hutalipenda. Kusema "silipi tena" kuliwaumiza majirani. Yule aliyevunjiwa mlango mwaka jana alisikia kwamba usalama wake si kitu kwako. Hakusikia habari ya pumu kabisa. Mwendee nyumbani kwake jioni, kaa, msimulie usiku ule.

Na geti lenyewe linaniogopesha kuliko mtungi. Katika kata yangu nyumba iliwahi kushika moto usiku. Gari la zimamoto lilifika, likasimama mbele ya geti la namna hiyohiyo. Mwenye ufunguo alikuwa msibani. Fundi mmoja aligonga kufuli kwa nyundo, linadunda tu, na huku nyuma yake tunaona mabati yanajikunja. Watu walitoka salama, lakini mama yule hakubakiwa hata na kanga ya kujifunga. Nilikuwepo, na geti lile nililipitisha mimi.

Kwa hiyo usiombe geti ling'olewe, hutapata mtu wa kukuunga mkono. Omba mlinzi akae pale getini usiku kucha, maana ndicho mnacholipia. Omba funguo za akiba kwenye nyumba mbili au tatu za jirani na geti, na namba za simu zipakwe rangi kwenye bati, pamoja na 114 ya zimamoto. Upana wa geti upimwe, gari kubwa lipite. Ukiahidiwa hayo na stakabadhi, lipa.

Siku ya kuyaomba hayo kwenye mkutano wa mtaa, usiende peke yako. Nenda na jirani ambaye ukuta wake ulimpitisha mtoto, na mwombe azungumze yeye kwanza.