Sauti ya pikipiki imesoma desibeli 107, kikomo ni 105: ufanyeje kabla ya siku ya kuendesha kwenye uwanja wa mbio

Ndugu, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kila zikiongezeka 3 nguvu ya sauti inakuwa karibu maradufu. Huko Uingereza viwanja vingi hupima pikipiki ikiwa imesimama: kipimo kinawekwa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikishikiliwa kwenye mizunguko waliyoipanga. Hapo 105 ndiyo namba ya kawaida, ila wengine wanataka chini ya hapo, kwa hiyo soma masharti ya siku yenyewe kabla hujalipa.

Anza na sufi ya kumeza sauti iliyo ndani ya ekzosi. Inaungua na kupeperuka taratibu, na ekzosi iliyofaulu kipimo mwaka jana inaweza kukataliwa leo. Fungua, ibadilishe, halafu hakikisha viungo vya bomba havivuji. Kisha weka kile kibomba cha kupunguza sauti mdomoni, ukikaze kwa boliti. Kikichomoka ukiwa kasi, ni hatari kwa anayekufuata.

Ukiwa bado na ekzosi ya kiwandani, ifunge tena tu kwenye pikipiki, umalize kazi. Najua haipendezi.

Kufaulu ukiwa umesimama si mwisho. Viwanja vingine vina maikrofoni pembeni ya njia, nazo husikia hata mlio wa hewa inayovutwa na injini. Ukipita hapo panda gia mapema na upunguze mafuta kidogo. Wasimamizi wakikupungia bendera nyeusi, yaani ishara ya kukutoa njiani, ingia ndani, usibishane nao.