Wasomaji Wanauliza: Nchi Moja, Sheria Nne za Ndoa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni baharia, kwetu ni Tanga. Kwa miaka miwili nimelala chumba kimoja melini na Mtrinidad, Mwislamu kama mimi, ambaye aliniambia kwamba kwao, hadi miaka ya karibuni, binti wa miaka 12 aliweza kuozwa kihalali, wakati jirani wa dini nyingine alipaswa kungoja 14 au 16. Nilimbishia sana. Imekuwaje nchi ndogo vile iwe na vipimo tofauti? Nauliza pia kwa sababu dada yangu ameniarifu kuwa mpwa wangu, mwenye miaka 16 na aliye kidato cha pili, ameletewa posa, na shemeji yangu anashikilia kwamba sheria ya Tanzania inamruhusu kumwoza binti yake akiridhia yeye baba. (Baharia, Tanga)

JIBU: Ndugu Baharia, mwombe radhi mwenzako, kwani alisema kweli. Hadi mwaka 2017, Trinidad na Tobago, visiwa viwili vya bahari ya Karibi vyenye watu wapatao milioni 1.4, vilikuwa na sheria nne za ndoa zilizofanya kazi kwa pamoja. Sheria ya Waislamu ya 1961 iliweka miaka 12 kwa msichana na 16 kwa mvulana. Ya Wahindu, ya mwaka 1945, iliweka 14 na 18. Waumini wa Orisha, dini iliyovuka bahari pamoja na Wayoruba waliouzwa utumwani, walipata yao mwaka 1999, nayo ikasema 16 na 18. Waliobaki, yaani Wakristo na wale wanaofunga ndoa ya kiserikali, walikuwa chini ya sheria ya jumla iliyotaka idhini ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 18. Lakini ukichimba chini yake ulikuta kanuni ya kale ya Kiingereza, miaka 12 kwa msichana na 14 kwa mvulana. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba hilo lilikuwa tatizo la Waislamu peke yao.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa meli, chanzo chake utakielewa upesi. Tarehe 30 Mei 1845 meli iitwayo Fatel Razack ilitia nanga Trinidad ikiwa na vibarua kutoka Bara Hindi, na hadi mpango huo wa kuleta vibarua ulipofungwa mwaka 1917 walikuwa wameletwa zaidi ya watu 140,000, wengi wao kwa kazi ya mashamba ya miwa. Waliendelea kuoana kwa mila zao, chini ya kibanda cha mianzi kilichosimikwa uani, mbele ya pandit (kuhani wa Kihindu) au imamu, huku ndugu na jamaa wakishuhudia. Serikali ya kikoloni haikuitambua ndoa hiyo mpaka iandikishwe katika daftari lake, na wengi hawakuona sababu ya kwenda kuandikisha jambo ambalo mtaa mzima ulikwisha kulishuhudia. Matokeo yake yalionekana siku ya msiba. Mzee alipofariki bila wosia na kuacha kishamba, mwanamke aliyempikia na kumzalia kwa miaka thelathini hakuwa mjane mbele ya sheria, na watoto wake walihesabiwa kuwa wamezaliwa nje ya ndoa.

Waislamu walitambuliwa katikati ya miaka ya 1930, kwa sheria iliyoitangulia ile ya 1961, na Wahindu mwaka 1945, miaka mia moja kamili tangu meli ile ifike. Sheria hizo zilipokewa kama heshima iliyorudishwa, na ule umri mdogo ukaingia humo humo kama mzigo uliopakiwa pamoja na mizigo mingine bila kukaguliwa. Ndiyo maana, ilipopendekezwa kuubadili, shirika kubwa la Wahindu, Sanatan Dharma Maha Sabha, chini ya kiongozi wake Sat Maharaj, lilipinga kwa nguvu, na baadhi ya viongozi wa Kiislamu nao wakapinga. Naielewa hofu yao, kwa kuwa mtu aliyewahi kuambiwa kwamba mama yake hakuolewa hawezi kufurahia kuona serikali ikirudi kuishika sheria yake ya ndoa. Hata hivyo, sioni kwa nini deni hilo lilipwe na mtoto wa miaka 14. Tena waliodai mabadiliko hawakuwa wageni: jumuiya ya wanawake wa Kihindu wa huko huko ilikuwa imedai miaka 18 kwa muda mrefu kabla Bunge halijaamka.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo kwa maneno lakini zito. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1986 ilipotaja kosa la kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 14, ilimtaja kuwa msichana asiye mke wa mtuhumiwa. Maneno hayo machache yaliufanya mkataba wa ndoa kuwa ngao: kitendo kile kile, kwa mtoto yule yule, kilikuwa jinai jioni ya Ijumaa na kikawa halali baada ya harusi ya Jumamosi.

Katika mjadala zilitajwa takwimu za serikali kwamba kati ya mwaka 1996 na 2016 zilifungwa ndoa za watoto karibu 3,500, takriban asilimia 2 ya ndoa zote, na walioozwa karibu wote walikuwa wasichana. Muswada ulisimamiwa na Mwanasheria Mkuu Faris Al-Rawi, ukapita mwezi Juni 2017. Umri ukawa 18 kwa wote, bila idhini ya mzazi kuweza kuushusha. Imamu na pandit waliachiwa mamlaka yao ya kufungisha ndoa.

Sasa mpwa wako. Shemeji yako ameisoma Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kweli inataja miaka 15 kwa msichana na 18 kwa mvulana, na kutaka idhini ya baba. Hajasoma yaliyofuata. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo Oktoba 2019 na kuelekeza virekebishwe ndani ya mwaka mmoja, mwaka ambao ulipita bila marekebisho. Lakini kwenu haihitajiki hata kufika huko. Binti yuko kidato cha pili, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamtishia anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari kifungo cha miaka 30, na wanaosaidia ndoa hiyo nao hawasalimiki. Mpigie shemeji simu kabla mahari haijapokewa. Anza na hilo la kifungo, Katiba ije baadaye.

SWALI: Babu zangu walitoka Ngazija. Komoro karibu watu wote ni Waislamu, hakuna sheria nne. Je, jambo hili kwao limekwisha? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Limekwisha kwenye karatasi, na hata karatasi ina tundu. Sheria ya familia ya mwaka 2005 inaweka miaka 18 kwa mwanamume na mwanamke, kisha inairuhusu mamlaka ya kimahakama kupunguza umri huo kwa sababu nzito, mradi wachumba wote wawili wakubali. Sijui binti wa miaka 15 aliyesimamishwa mbele ya wazee wake anakataaje. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban asilimia 32 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameingia katika ndoa kabla ya miaka 18, na asilimia 10 kabla ya 15. Jambo linaloniongezea matumaini ni mila yenyewe ya Ngazija: nyumba ni ya binti, mume ndiye anayehamia, na ndugu wa kiume wa mama wana sauti nzito katika mambo ya wapwa zao. Baharia wetu wa Tanga angekuwa Mngazija, posa ile ingepaswa kumfikia yeye mapema, hata kama yuko melini.