Maswali na Majibu ya Muziki: Deep Purple Ipi Mnayobishania?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Kijiweni kwetu tumegawanyika. Wakubwa wanasema Deep Purple, ile bendi ya roki ya Uingereza, iliisha siku mwimbaji Ian Gillan alipotoka. Sisi vijana tunaona *Burn* ndiyo albamu kali kuliko zote. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

JIBU: Njema. Ubishi huu hauwezi kwisha kama kila upande unamtetea mwimbaji wake, kwa sababu bendi hii haikusimama juu ya mwimbaji. Ilisimama juu ya mashindano ya gitaa la Ritchie Blackmore na kinanda cha Jon Lord, huku Ian Paice akiwashikia mwendo kwenye dramu. Pimeni kila safu, yaani kila kundi la wanamuziki waliopokezana ndani ya bendi, kwa kipimo hicho.

Safu ya kwanza, ya 1968, ilikuwa na Rod Evans kwenye uimbaji na Nick Simper kwenye besi. Ilitoa albamu tatu kufikia 1969, na Lord ndiye anayesikika zaidi. Mwaka huo wa 1969 wakaingia Gillan na mpiga besi Roger Glover, wote kutoka bendi ya Episode Six, na hapo Blackmore akafunguka. *In Rock* (1970), *Fireball* (1971), *Machine Head* (1972) na *Made in Japan*, iliyorekodiwa jukwaani Osaka na Tokyo Agosti 1972, zote ni za safu hii ya pili. Gillan na Glover walitoka katikati ya 1973, baada ya *Who Do We Think We Are*.

*Burn* (1974) ni ya safu ya tatu: David Coverdale anaimba, na Glenn Hughes anapiga besi na kuimba pia. Vijana mna hoja nzito hapa. Wimbo unaobeba jina la albamu una mashindano yaleyale ya gitaa na kinanda, na Paice hajawahi kupiga kwa kasi na usafi kama ule. Wakubwa wasiiite makombo. Lakini kali kuliko zote? Hapana. Ukitoa "Burn" na "Mistreated", nyimbo kadhaa zinapwaya, wakati *In Rock* haikuachii nafasi ya kupumua kuanzia "Speed King". *Stormbringer*, ya mwaka huohuo wa 1974, iliegemea soul na funk. Blackmore hakuupenda mwelekeo huo, akatoka 1975 na kuanzisha bendi ya Rainbow. *Come Taste the Band* (1975), Tommy Bolin akiwa kwenye gitaa, ni kazi nzuri ya wanamuziki hodari, ila yale mashindano hayamo tena. Kama kuna mahali pa kusema bendi iliisha, tungeweka hapo, na kweli mwaka uliofuata ilivunjika. Safu ya pili ilirudi pamoja 1984 na *Perfect Strangers*.

SWALI: Nimeingiziwa nyimbo za Deep Purple kwenye flashi, lakini majina yamechanganywa na tarehe hazipo. Nitajuaje wimbo upi ni wa albamu ipi? (Msomaji, Isevya, Tabora)

JIBU: Anza na urefu. "Smoke on the Water" ya *Machine Head* ina dakika 5 na sekunde 40 hivi. Ikizidi 7, hiyo ni ya *Made in Japan*. "Child in Time" ya *In Rock* ina dakika 10 na kidogo, ya Japani imevuka 12. "Space Truckin'" ndiyo rahisi kuliko zote: ya studio ina dakika nne na nusu, ya Japani inakaribia 20.

Baada ya hapo fuata sauti. Ukisikia waimbaji wawili wakipokezana, mmoja mzito wa chini na mwingine mwembamba wa juu, hao ni Coverdale na Hughes, kwa hiyo usitafute kabla ya 1974. Mtego upo kwenye "Holy Man" ya *Stormbringer*, ambako Hughes anaimba peke yake. Wengi wanadhani ni bendi nyingine. Na kama *Machine Head* yako ina nyimbo nane badala ya saba, "When a Blind Man Cries" ikiwemo, haijakosewa. Wimbo huo ulitoka 1972 upande wa pili wa singo ya "Never Before", ukaongezwa kwenye toleo la 1997.

Kama unasikilizia sabufa, punguza besi kwanza. Lord alipitisha kinanda chake cha Hammond kwenye amplifaya ya Marshall ili kingurume, na besi ikizidi hutakitofautisha na gitaa. Jipime kwa "Highway Star": solo ya kwanza ni ya kinanda, ya gitaa inafuata baadaye.

SWALI: Katika waanzilishi, nani amebaki? (Msomaji, Urambo)

JIBU: Ian Paice peke yake. Lord alistaafu 2002 akampisha Don Airey, na alifariki Julai 2012. Kwenye gitaa, Blackmore aliondoka kwa mara ya mwisho 1993. Steve Morse alikaa kuanzia 1994 hadi 2022, kisha akaja Simon McBride. Gillan na Glover wamo, ila wao si waanzilishi.

SWALI: Najifunza "Smoke on the Water" kwa gitaa kavu. Noti ni zilezile lakini haifanani na ya kwenye rekodi. Nakosea wapi? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Kwa kawaida makosa ni mawili. La kwanza, wengi wanaipiga kwenye uzi wa sita kwa kodi nzito (noti zinazolia pamoja), noti ya msingi ikiwa chini na ya tano juu yake. Sauti inajaa matope. Blackmore anaigeuza: noti ya msingi iko juu. Njia rahisi ni kutumia uzi wa nne na wa tatu tu, zote mbili kwa pamoja: wazi, freti ya 3, ya 5, wazi, 3, 6, 5, wazi, 3, 5, 3, wazi. Kidole kimoja kilale juu ya nyuzi zote mbili.

La pili ni mkono wa kulia. Weka pembeni kile kipande cha plastiki cha kukwangulia nyuzi. Ukikwangua, uzi wa nne unalia kabla ya wa tatu. Dole gumba lishike wa nne, cha shahada kishike wa tatu, uzivute kwa mpigo mmoja. Ukimaliza noti fupi, legeza kidole cha kushoto bila kukiondoa ili uzi unyamaze.

Kama bado inakataa, chunguza rekodi yenyewe. Nakala iliyotolewa kwenye kaseti iliyokuwa ikikimbia hupanda sauti. Tyuni gitaa kwa programu ya simu, kisha upige uzi wa tatu ukiwa wazi: ni G, na ndiyo noti ya juu ya mpigo wa kwanza. Zikipishana sana, tafuta nakala nyingine, usiikaze gitaa kuifuata.

Mkipiga kama bendi, gitaa lianze peke yake. Kisha kinanda na hai-hati (zile sahani mbili za dramu zinazogongana) viingie pamoja, kinanda kikirudia kilekile cha gitaa, halafu dramu nzima. Besi ije mwisho, kabla tu ya mwimbaji.