Maswali yenu: herufi zinazogoma kwenye skrini

Nikibonyeza Ctrl na + kwenye VS Code, programu ninayoandikia kodi, kila kitu kinavimba, hadi menyu na orodha ya mafaili. Laptopu yangu ni ndogo, nafasi ya kuandikia inabaki kiduchu. Nataka herufi za kodi tu ndizo zikue. (Msomaji, Morogoro)

Vitufe hivyo havigusi fonti. Vinakuza dirisha zima, asilimia 20 kwa kila hatua. Bonyeza F1, andika Reset Zoom, kisha Enter, dirisha litarudi kama lilivyokuwa. Halafu fungua mipangilio kwa Ctrl na koma, tafuta `editor.fontSize`, uweke 16 au 18. Kwenye Windows huanzia 14. Terminali, sehemu ya kuandikia amri, ina kipimo chake, `terminal.integrated.fontSize`, kwa hiyo usishangae ikibaki ndogo. Na kama badiliko linakataa kwenye mradi mmoja tu, chungulia folda yake ya `.vscode`. Faili la `settings.json` lililomo humo lina nguvu kuliko mipangilio yako binafsi, na mara nyingi limeletwa na mwenzako pamoja na kodi.

Habari za kazi. Ofisini tuna programu ya zamani ya kuhariri maandishi. Tangu tuhamie kompyuta mpya za Windows, herufi zake zina ukungu, ilhali kwenye kivinjari ziko safi. (Msomaji, Mombasa)

Kivinjari kikiwa safi, skrini haina kosa. Hapa Windows imewekewa ukuzaji, pengine asilimia 125, na programu yenu haijui jambo hilo. Inachora kwa kipimo cha kale, kisha Windows inaivuta ile picha iliyokwisha kuchorwa, na kingo za herufi zinatawanyika.

Funga programu, bofya kulia njia yake ya mkato, ingia Properties, kisha Compatibility, kisha "Change high DPI settings". Weka tiki kwenye "Override high DPI scaling behavior" na uchague Application. Herufi zikiwa kali lakini ndogo kupita kiasi, rudi hapo uchague System (Enhanced). Ukungu ukibaki kidogo, andika `cttune` (kifaa cha Windows cha kurekebisha ukali wa herufi) kwenye menyu ya Start, upitie kurasa zake ukichagua maandishi yanayosomeka vizuri kwa macho yako.

Nikifungua faili la maandishi nililotumiwa, ng'ombe anatokea kama "ngâ€™ombe". Nimebadilisha fonti zote nilizonazo, wapi. Nifanyeje? (Msomaji, Zanzibar)

Acha fonti, haina hatia. Mwandishi ametumia ritifaa iliyopinda (’), ambayo Word huiweka yenyewe. Katika UTF-8, mpangilio wa kuhifadhi herufi kama baiti, alama hiyo moja inahifadhiwa kwa baiti tatu: E2, 80 na 99. Programu yako imezisoma kwa mpangilio wa zamani wa Windows-1252, ambako kila baiti ni herufi kamili, ndiyo maana unaona â, € na ™. Ritifaa iliyonyooka (') ni baiti moja katika mipangilio yote miwili, ndiyo maana maandishi mengine ya Kiswahili hayaharibiki kabisa.

Kwenye Notepad++ fungua menyu ya Encoding uchague UTF-8. Usichague "Convert to UTF-8"! Ya kwanza inasoma upya baiti zilezile. Ya pili inayachukua makosa unayoyaona na kuyaandika rasmi ndani ya faili. Kwenye VS Code, bofya jina la usimbaji, yaani mpangilio wa herufi, chini kulia, kisha "Reopen with Encoding", wala si "Save with Encoding". Kama uharibifu ulishahifadhiwa, kwenye Notepad++ jaribu "Convert to ANSI" (ndilo jina lake la mpangilio wa zamani wa Windows), halafu UTF-8, lakini fanya hivyo kwenye nakala. Faili la CSV litakalofunguliwa kwa Excel lihifadhi kama UTF-8-BOM, yaani UTF-8 yenye alama ya utambulisho mwanzoni, la sivyo ng'ombe atarudi na mapembe yaleyale.

Ukiona kisanduku kitupu (□), hapo ndipo fonti haina herufi hiyo. Weka mojawapo ya fonti za Noto. Ukiona alama ya kuuliza ndani ya almasi (�), programu imeshindwa kuelewa baiti. Funga bila kuhifadhi, maana ukihifadhi, herufi ya asili inaweza kupotea moja kwa moja.

Nikiandika != kwenye kodi, skrini inaonyesha ≠. Programu itakataa kufanya kazi? (Msomaji, Nakuru)

Haitakataa, faili bado lina alama mbili. Fonti kama Fira Code na Cascadia Code huziunganisha kwa macho tu. Ikikukera, kwenye mipangilio ya VS Code weka `"editor.fontLigatures": false`, au tumia Cascadia Mono, ambayo haiunganishi.