Ryzen 5 5600 au 5600G?

Mdogo wangu, umeuliza uchukue ipi kati ya prosesa hizi mbili za AMD kwa kompyuta yako ya kwanza ya gemu. Kama hela ya kadi ya grafiki unayo sasa hivi, chukua 5600. Ina kache (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32 wakati 5600G ina 16 tu, na kwenye gemu tofauti hiyo unaiona. Ila 5600 haina grafiki ndani yake: bila kadi, skrini itabaki nyeusi. 5600G inamfaa anayetaka kuanza kucheza leo, kadi aje kuinunua baadaye.

Kadi ya RX 6600 yenye GB 8 inatosha kabisa kwa monita ya 1080p. Inakula wati 132 hivi, kwa hiyo pawa saplai nzuri ya wati 550 inaibeba vizuri. Na hapo kwenye pawa saplai, tafadhali usibane hela. Mimi niliwahi kununua isiyo na jina. Umeme ukakatika, ukarudi ghafla, ikaungua pamoja na mazabodi. Iliniuma sana.

RAM nunua vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, ili prosesa isome kwa njia mbili. Ukipata mazabodi ya B450 ya mtumba, hakikisha BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) imesasishwa, maana BIOS ya zamani haiitambui 5600. Kadi ya mtumba nayo ijaribu kwa gemu nzito dakika 20, hapo hapo dukani, kabla hujatoa hela. Kasha lolote linalopitisha hewa linafaa, taa utaongeza ukipenda.