Kabla hujamleta nyumbani mtoto wa mbwa mwongozaji

Watu wetu hapa Uingereza wakiniona na mtoto wa mbwa aliyevaa kikoti cha mafunzo huniuliza kwanza nalipwa kiasi gani. Wakisikia kwamba silipwi, swali la pili ni: sasa ya nini? Nimelijibu hilo msibani, harusini na kwenye foleni ya duka linalouza unga wa sembe, na karibu kila mara kuna mtu mmoja pembeni anayesikiliza kwa makini kwa sababu moyoni naye anataka. Haya nayaandika kwa ajili yake.

Shirika ninalojitolea linaitwa Guide Dogs. Wazo la kuwafundisha mbwa kuongoza wasioona lilishika kasi Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani. Shule ya kwanza ilifunguliwa Oldenburg mwaka 1916. Hapa Uingereza mbwa wanne wa kwanza, Judy, Flash, Folly na Meta, walikamilisha mafunzo mwaka 1931 huko Wallasey, kwa juhudi za wanawake wawili, Muriel Crooke na Rosamund Bond. Siku hizi shirika lina kituo chake cha kuzalisha mbwa karibu na Leamington Spa. Watoto wa mbwa wakifikisha wiki nane hivi hugawiwa kwa watu wa kujitolea, wakakaa nao mwaka mmoja na ushei, kisha hurudi kwa wakufunzi. Wengi ni Labrador waliochanganywa na golden retriever, na wangu alikuwa hivyo hivyo: jike, manyoya rangi ya mchanga, jina lake Willow.

Chakula na daktari wa mifugo hulipwa na shirika. Wewe unatoa nyumba na muda, na hapo kwenye muda ndipo nataka ujipime kwa ukweli. Mtoto wa mbwa wa wiki nane huwezi kumwacha peke yake ukaenda zamu ya kutwa nzima. Usiku ataamka kwenda haja na utaamka naye. Januari, mvua inanyesha, umesimama bustanini na koti juu ya nguo za kulalia, umeshika kamba, unarudia neno walilokufundisha, "busy, busy", mpaka amalize. Usione ni neno la kipuuzi. Mtu asiyeona anahitaji kujua mbwa wake anajisaidia wapi na saa ngapi ili aweze kuzoa uchafu, na ili asisimamishwe ghafla katikati ya njia. Tabia hiyo hujengwa nyumbani kwako, si kituoni.

Wengi hudhani mlezi ndiye anayemfundisha mbwa kuongoza. La hasha. Kuvaa ule mkanda wenye mshikio, kusimama ukingoni mwa barabara, kukwepa tawi lililo usawa wa kichwa cha mtu, na hata kukataa amri ya kwenda mbele gari linapokuja, hayo ni ya wakufunzi baadaye. Kazi yako wewe ni kumzoesha dunia. Mbwa anayeogopa mlio wa pikipiki hawezi kumwongoza mtu hata awe na akili namna gani.

Na dunia inaanza mapema. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo akili ya mbwa inapopokea mambo mapya bila woga mwingi, lakini ndiyo hiyo hiyo ambayo chanjo zake hazijakamilika, hivyo hatakiwi kukanyaga mahali wanapopita mbwa wengine. Basi unambeba. Nilikuwa nakaa na Willow kifuani kwenye kituo cha mabasi cha Pool Meadow, hapa Coventry. Mlango wa basi unafunguka kwa ule mlio wa hewa, anashtuka, masikio yanalala nyuma, nausikia moyo wake ukidunda kwenye kiganja changu. Sikimbii naye, wala simbembelezi kupita kiasi. Nampa punje moja ya chakula chake, tunangoja basi jingine. Yakishapita mabasi kadhaa anapiga miayo. Hapo tunarudi nyumbani, maana amejifunza vya kutosha. Ukiweza kufurahia miayo ile, kazi hii inakufaa.

Sasa nije kwenye mambo ya kwetu, ambayo vitabu vya shirika haviyagusi. Sisi tumekulia na mbwa wa ulinzi: mchana amefungwa, usiku anafunguliwa, chakula chake ni makombo na dagaa. Wageni wakija kwako watamtupia mnofu kwa moyo mweupe kabisa. Wazuie, hata kama ni shangazi yako, na umweleze sababu kwa heshima. Mbwa aliyezoea kupewa chakula mezani atamvuta mwenye naye mgahawani kufuata sahani za watu, na mtu huyo hawaoni anaogongana nao. Isitoshe, pilau yetu ina vitunguu, na vitunguu ni sumu kwa mbwa, sawa na zabibu na chokoleti. Mimi niliamua kwamba siku ya wageni Willow anakula kwanza, nikipuliza filimbi ya kumwita kwenye chakula kama kawaida, halafu anakaa nyuma ya geti dogo la jikoni na kitu cha kutafuna. Waliomwogopa walikaa kwa amani, naye akajifunza kwamba kelele za watu wengi hazimhusu.

Kwa marafiki zangu Waislamu niliweka utaratibu mwingine. Wengi wao ni watu wa pwani, wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Usimlazimishe mtu kumshika mbwa ili kuonyesha kwamba hana neno. Chumba kimoja kwangu Willow hakuingia kamwe, mswala ulikaa humo, na nikikaribisha mtu navaa nguo safi ambazo Willow hajazigusa. Nao walinipa funzo: mmoja ndiye aliyenieleza kwamba mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulikubali kijana asiyeona aje na mbwa wake, akamwacha mahali maalumu wakati wa sala. Mazungumzo yetu juu ya mbwa yalibadilika tangu siku hiyo.

Jambo la sheria nalitaja kwa kifupi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlinda mtu mwenye ulemavu anayetembea na mbwa wake wa msaada, dukani, mgahawani na hata kwenye teksi. Mtoto wa mbwa anayelelewa hana haki sawasawa na hiyo, kwa hiyo unaingia kwa hisani. Omba kwanza, na ukikataliwa shukuru uondoke. Mlezi mmoja akigombana mlangoni, mlango unaweza kufungwa kwa wote watakaokuja baada yake.

Kuhusu kuachana naye: itakuuma. Siku ya kumrudisha nililia, nikalia tena nilipokuta bakuli lake jikoni. Ushauri wangu ni kwamba kama una watoto, wasikie tangu siku ya kwanza kuwa mbwa huyu ana mtu wake anayemsubiri, hata kama mtu huyo bado hajulikani. Msiseme "mbwa wetu". Semeni "tunamlea". Na muwaeleze kuwa si mbwa wote wanaofaulu. Wengine wana woga kidogo, wengine wanapenda mno kukimbiza njiwa. Hao hupangiwa kazi nyingine, kama kuwa wenzi wa watoto wasioona vizuri, au hutafutiwa familia. Malezi yako hayakupotea.

Kama umesoma mpaka hapa na unaona muda wa kutwa huna, kwa kuwa unafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, bado kuna nafasi. Mbwa wakubwa walio kwenye mafunzo wanahitaji mahali pa kulala jioni na mwisho wa wiki: asubuhi unampeleka kituoni, jioni unamchukua, na mkufunzi ndiye anayehangaika naye mchana. Inabidi tu uishi karibu na kituo na uwe na usafiri. Pia kuna wanaopokea mbwa kwa siku chache mlezi wake anaposafiri au kuugua. Anza na hiyo. Mwambie msimamizi wa eneo lako ukweli kuhusu saa zako za kazi, ukubwa wa nyumba, watoto, na nani mwingine nyumbani anaogopa mbwa. Atakuja kuangalia nyumba, ataangalia uzio wa bustani na hali ya familia, na anajua kumpangia kila mtu mbwa anayemfaa.