Hamu ya kula jioni: anza kwanza na mlo wa mchana

Dada, umeuliza kwa nini kila jioni ukishuka kwenye daladala kutoka Mtumba unanunua chipsi mayai na kula mpaka tumbo linauma, ilhali huna njaa. Nami nilihamia Dodoma kikazi, familia ikabaki Dar es Salaam, kwa hiyo saa hiyo ya jioni naijua.

Ushauri wangu ni kwamba usianze na jioni, anza na mchana. Mtu anayeshinda na chai ya rangi na andazi moja hadi saa kumi na moja hawezi kujua kama kinachomsumbua ni njaa au upweke, kwa kuwa vyote viwili humvamia kwa pamoja. Nilipoanza kula mchana kwa mama lishe ugali wa uwele, mlenda na maharage, ndipo nilipoweza kuvitofautisha. Njaa ya kweli huja polepole na hukubali chochote, hata kiporo cha wali. Hamu ya hisia huja ghafla, tena huchagua, ikitaka chipsi za yule kijana wa kona, zilizokaushwa vizuri, zenye kachumbari na pilipili nyingi.

Nikiitambua, siikatazi, maana chakula ulichojipigia marufuku ndicho utakachokiwaza usiku kucha. Hupiga simu nyumbani kwanza, nikaoga, halafu ndipo niamue. Mara nyingi hamu huwa imeshapoa. Isipopoa, hununua, nikala kwenye sahani nimekaa mezani, simu ikiwa mbali, bila kujilaumu, kwa sababu lawama ndiyo huleta sahani ya pili. (Wanaokwambia ule zabibu badala yake wana nia njema, ila vichala navyo huisha vivyo hivyo.)

Usingizi pia uuangalie: kulala kidogo huongeza ghrelini, homoni inayochochea njaa, na kupunguza leptini inayoleta shibe.

Hata hivyo, ikiwa unakula kwa wingi usiokuwa wa kawaida huku ukihisi huwezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, huo huenda ni ugonjwa wa ulaji, nao unatibika. Muone mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili, hata pale Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya hapa Dodoma, na utani wa watu kuhusu jina hilo usikuzuie.